Inua Kigae Utazame Mgongo: Shajara ya Mradi wa Kuwafundisha Wenye Nyumba

Kabla ya wiki ya kwanza

Mradi huu ulianzia kwenye bafu moja lililokuwa na vigae vya kupendeza kabisa. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, aliniita kwa sababu vigae viwili vya ukutani vilidondoka usiku. Vipande alikuwa amevihifadhi kwenye mfuko.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Hivi vigae ni feki?"

Nikavigeuza. Mgongoni kulikuwa na mabonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati. Kwingine kote kigae kilikuwa safi kama siku kilipotoka kwenye boksi. Nikachukua sarafu, nikaanza kugonga ukuta, kigae baada ya kigae, mama akiwa nyuma yangu anasikiliza. Kigae kilichoshika sawasawa kinatoa sauti kavu na fupi. Kilichobandikwa kwa mabonge kinalia kama debe tupu. Tulipofika usawa wa dirisha, mama alikuwa ananitangulia: "Hiki debe. Hiki kizima. Hiki debe. Hiki nacho debe."

Mama yule hakuwahi kushika mwiko maishani mwake, na kwa robo saa tu alikuwa amejua kukagua kazi kuliko yule aliyemfanyia. Ndipo nikaamua. Nitachukua wenye nyumba sita, Jumamosi kumi na mbili, niwafundishe kuweka vigae vyao wenyewe, mama huyu akiwa wa kwanza. Nina chumba cha mazoezi chenye sakafu ya zege na kuta za matofali zilizopigwa lipu. Na nimeweka sharti moja ambalo halina mjadala: katika kila mstari wa vigae unaoweka, utainua kimoja gundi ikiwa bado mbichi, ukigeuze, uutazame mgongo wake.

Wiki ya 1. Sakafu

Wamefika wote sita, na mmoja amekuja na mkewe. Mzee mmoja mstaafu amekuja na mwiko mpya, bado umo kwenye karatasi yake. Hatukuutumia. Siku nzima ilikuwa kufagia, kukwangua na kupima.

Kabla ya mchana mzee akanivuta kando. "Fundi, sisi tumekuja kujifunza vigae. Mbona tunafagia?"

"Mzee wangu, naomba unishikie hii rula."

Tukailaza rula ya alumini ya mita tatu sakafuni. Nikamwomba ainame atazame chini yake. Mwanga ulikuwa unapita katikati, na kidole chake kidogo kikaingia chini ya rula bila kuigusa. Akakirudisha kidole mara ya pili, taratibu, kisha akaita wenzake waje waone.

Kigae hakipindi. Ukikilaza juu ya bonde kitaning'inia, na siku kiti kizito kitakapokanyaga pale katikati, kitapasuka. Kwa kigae chenye upande unaozidi sentimita 38, sakafu isipishane zaidi ya milimita 3 katika urefu wa mita 3. Kwa vigae vidogo unaweza kuvumilia hadi milimita 6. Wengi huwa wanafikiri watasawazisha kwa gundi, wajaze nyingi penye bonde. Gundi nene husinyaa inapokauka na kukivuta kigae chini, ndiyo maana unaona sakafu iliyokuwa tambarare jioni ina kingo zinazokwaza vidole wiki inayofuata. Bonde linajazwa kabla, kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga au kisawazishi cha sakafu, likauke, ndipo vigae vije.

Tukafanya na majaribio mawili ya maji. La kwanza ni tone: mwaga matone machache sakafuni. Yakinywewa, sakafu iko tayari kushika. Yakibaki yamesimama kama shanga, kuna rangi, mafuta au nta, na hakuna gundi itakayoshika juu ya vitu hivyo. La pili ni plastiki: bandika kipande cha nailoni nzito cha sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa utepe, kiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta jasho chini yake au zege limebadilika rangi, unyevu bado unapanda. Zege jipya lipewe siku 28. Kijana mmoja ana sakafu ya siku tisa nyumbani kwake na alikuwa amepanga kuanza kesho. Hataanza.

Wiki ya 2. Kupanga bila gundi

Leo tumeshika vigae, vikavu. Nimewaambia kila mtu asome namba zilizoandikwa ubavuni mwa boksi, kwa sababu vigae vya jina moja vikitoka katika mikupuo tofauti ya kiwandani huweza kupishana rangi na hata ukubwa. Namba za maboksi yote zifanane, na uongeze asilimia 10 ya mahitaji yako. Ukiweka kwa mshazari, ongeza 15. Anayekwenda kuongeza boksi moja mwezi ujao huwa halipati.

Chumba chetu hakina pembe hata moja iliyo sawa. Tukapiga uzi wa chaki katikati, tukahakiki kwa tatu-nne-tano: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari wake lazima uwe mita 5 kamili. Ukikosa 5, pembe si mraba. Hapo hakuna ubishi wa macho.

Halafu mstari mmoja wa vigae vikavu kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa mlangoni kikabaki kipande cha sentimita nne, kama utepe. Mke wa kijana yule akasema, "Si tusogeze mstari wote nusu kigae?" Ndiyo hiyo hiyo. Ukisogeza nusu, vipande vya kila upande vinakuwa vikubwa na vinalingana. Sikuwa nimewafundisha bado.

Nataka kuandika kuhusu vigae virefu, kwa sababu hapa ndipo watu hulaumu mikono yao bure. Nilichukua vigae viwili vyenye urefu wa sentimita 90, nikaviweka uso kwa uso, nikavisimamisha kwenye mwanga. Ncha zilikuwa wazi, katikati vimegusana. Kigae kirefu kinapochomwa hupinda kidogo, katikati hubaki juu kuliko ncha. Ukikipanga kama tofali, nusu juu ya nusu, unaweka ncha ya kimoja, ambayo iko chini, kando ya katikati ya kingine, ambayo iko juu. Umekwisha kutengeneza kingo kabla hujachanganya gundi. Sogeza theluthi moja tu, na tofauti inapungua. Vigae hivyo viwili vimezunguka kwenye mikono ya watu wote sita na hakuna aliyevirudisha haraka.

Wiki ya 3. Gundi

Siku niliyoingojea.

Tumeanza na maandishi ya mfuko. C1 ni gundi ya kawaida ya saruji, C2 inashika kwa nguvu mara mbili zaidi. Herufi T maana yake kigae hakitelezi ukutani, E maana yake muda wake wa kubaki wazi umeongezwa. Kwa kigae cha poslini, ambacho hunywa maji asilimia 0.5 au chini ya hapo, mimi natumia C2 na sishawishiki vinginevyo. Saruji ya kawaida hushika kwa kuingia ndani ya vitundu vya kigae, na poslini haina vitundu vya kuingia. Ile desturi ya kuloweka vigae kwenye maji ilikuwa ya vigae vya udongo vinavyokunywa maji. Ukiiloweka poslini huipi faida yoyote, unaiacha na maji mgongoni yanayozuia gundi.

Maji kwanza kwenye ndoo, unga baadaye. Ukianza na unga, chini kunabaki vumbi ambalo halijakutana na maji. Koroga taratibu, maana ukiendesha mashine kwa kasi unaingiza hewa. Iache dakika 5 hadi 10, koroga tena bila kuongeza kitu. Ule muda wa kukaa ndio viambato vinapoyeyuka. Na ikianza kuwa ngumu ndoo ikiwa nusu, itupe. Huu ndio ushauri uliowauma zaidi. Gundi iliyokwisha kuanza kuganda ukiirudishia maji inalainika mkononi na inadhoofika sakafuni.

Kisha nikatoa kipande cha kioo, nimekizungushia utepe kingoni kisikate mtu. Nikapaka gundi ubaoni kwa mwiko wa meno, nikizungusha mkono kama wengi tunavyozungusha, michoro ya konokono. Nikabandika kioo, nikamwita dada mmoja, nesi, akibonyeze kwa nguvu zake zote. Chini ya kioo tuliona kila kitu. Mistari ya duara ilijifungia hewa ndani, na hata alipoweka uzito wake wote, vile visiwa vya hewa havikuwa na pa kutokea. Vilibadilika umbo tu, vikabaki.

Nikakwangua, nikapaka upya. Safari hii upande bapa wa mwiko kwanza, kuisugua gundi iingie ubaoni, kisha meno, mwiko umelala nyuzi 45, mistari yote imenyooka upande mmoja. Dada akaweka kioo, akakibonyeza na kukisukuma mbele na nyuma kukatiza mistari, karibu milimita tano. Tukaona matuta yakilala moja baada ya jingine, yakijaza mifereji, hewa ikikimbilia kingoni. Sekunde kumi hivi, kioo kizima kikawa kijivu.

"Kwa hiyo ni mkono tu," akasema. "Gundi ni ile ile."

Baada ya kioo, vigae. Kigae cha kwanza nilichoinua kilikuwa cha mzee, na kilikuwa kimeshika chini ya nusu. Hakukasirika. Alichukua kalamu akachora mpaka wa sehemu tupu mgongoni mwa kigae, apate kuona. Viwango vya Marekani vinataka gundi ishike angalau asilimia 80 ya mgongo panapokuwa pakavu, na 95 bafuni au nje. Nimewaambia wasihangaike na hesabu: wakitazame kigae, na wakiona pembe tupu au shimo kubwa kuliko sarafu, kazi haijawa. Kwa vigae vikubwa tunapaka na mgongoni safu nyembamba kabla ya kulaza. Kufikia jioni mzee aliinua vitatu mfululizo vikiwa vimejaa, na akaniomba nivione vyote vitatu.

Wiki ya 4. Kukata

Kwa ufupi, kwa sababu ni mazoezi tu ya mkono. Kikata vigae cha kusukuma: mstari mmoja wa mkwaruzo, pita mara moja tu kwa mkandamizo ule ule, halafu vunja. Anayekwaruza mara tatu hupata mstari uliochanika. Tundu la bomba linatobolewa kwa keekee yenye kichwa cha almasi, unaanza kwa kuinamisha, huku mwenzako akidondoshea maji.

Jambo ambalo sikuruhusu liwe fupi ni vumbi. Vigae, zege na mchanga vina silika, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu halitoki. Huacha makovu ambayo hayana tiba. Grainda kavu ndani ya chumba nimepiga marufuku kabisa. Tunakata kwa maji, nje, na barakoa ya kuchuja vumbi iliyobana uso, kwa sababu kitambaa hakichuji vumbi la namna hiyo. Miwani pia, na glavu kwenye gundi, maana saruji mbichi ni kali na inachoma ngozi pole pole bila kuuma mwanzoni. Nimewaonyesha magoti yangu. Makovu yale niliyapata nikiwa na miaka ishirini, kwa kupiga magoti juu ya saruji mbichi siku nzima.

Wiki ya 5. Kosa langu

Naliandika lote.

Jumamosi iliyopita, baada ya kukata, tulibakiwa na muda nikasema tuweke vigae karibu na dirisha kubwa. Jua lilikuwa linaingia moja kwa moja na upepo ulikuwa mkali. Nikawapa watu wawili sehemu ya mita mbili za mraba, nikawaambia wapake gundi yote kwanza, kisha wapange. Nikaenda kumsaidia mwingine kutoboa tundu la bomba. Niliporudi walikuwa wamemaliza, mistari imenyooka, spesa zote, vile vipande vya plastiki vinavyotenganisha vigae, ziko mahali pake. Nikawapongeza. Sikuinua hata kigae kimoja, mimi niliyeweka sharti.

Leo asubuhi nimegonga kwa sarafu. Debe. Debe. Debe. Nikaingiza patasi chini ya kigae cha pembeni nikitarajia kupambana nacho, kikachomoka chenyewe, chepesi kama kifuniko cha sufuria. Mgongo mweupe. Sakafuni matuta ya gundi yamesimama wima kama shamba lililolimwa jana, hakuna hata moja lililolala.

Gundi ya kawaida ina muda wa dakika 20 tangu kupakwa, na hizo ni dakika za maabara, mahali penye ubaridi na utulivu. Penye jua na upepo zinaweza kuwa chini ya 10. Juu ya matuta hutanda ngozi nyembamba, kwa jicho bado ni mbichi, na kigae kikilazwa kinakaa juu ya ngozi hiyo bila kushika. Kipimo ni kidole: gusa tuta. Kidole kikitoka na gundi, endelea. Kikitoka kikavu, kwangua yote utupe, hata kama ni nyingi.

Tumevunja vigae vyote kumi na tano. Wale wawili walikuwa wameinama kwa aibu, na niliwaambia mbele ya wote kwamba walifanya sawasawa na nilivyowaagiza, na agizo ndilo lililokuwa bovu. Kuanzia leo paka sehemu ya vigae viwili au vitatu tu, na pazia lifungwe kabla ya ndoo kufunguliwa. Ile sehemu ya matuta yaliyosimama sijaikwangua. Nimeiacha sakafuni makusudi, na kila anayeingia chumba cha mazoezi anaikuta.

Wiki ya 6 na 7. Bafu

Karibu kila mtu hapa aliamini kwamba vigae huzuia maji. Havizuii, na grauti, ile saruji laini inayojaza nafasi kati yake, inanyonya maji kama kitambaa. Kinachozuia maji ni kile kilicho nyuma, na kazi ya vigae ni kulinda kitu hicho na kupendeza. Kwa hiyo wiki mbili hizi tumefanya kazi ambayo hakuna mgeni atakayewahi kuiona.

Kwanza mteremko. Sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji, kutoka kila upande, na unajengwa kwenye saruji ya chini. Ukiuacha ujengwe na gundi utaishia na dimbwi. Halafu lipu ya ukutani: kama ni ya jasi, usipake gundi ya saruji moja kwa moja. Saruji na jasi vikikutana penye unyevu hutengeneza fuwele zinazosukuma kigae kitoke. Ipakwe praima kwanza. Sehemu ya kuogea kabisa, mimi jasi naiondoa.

Kisha dawa ya kuzuia maji, mipako miwili, wa pili ukikatiza wa kwanza, na utepe wa kitambaa kwenye kila kona na kuzunguka tundu la maji. Kona ndizo zinazocheza, na dawa pekee bila utepe hupasuka hapo.

Baada ya kukauka tukaziba tundu, tukajaza maji kiasi cha sentimita tano, tukapiga alama ya penseli ukutani. Pembeni tukaweka beseni la maji lenye alama yake. Beseni linakuonyesha kiasi kilichopotea kwa hewa tu, ili usije ukalaumu bafu. Saa 24.

Dada nesi alijitolea kurudi Jumapili kusoma alama. Akanipigia simu. "Fundi, beseni limeshuka kama unene wa ukucha. Bafu limeshuka sentimita mbili."

Nilikwenda. Tulikausha na kutafuta kwa tochi kwa muda mrefu, mpaka yeye mwenyewe akauona: utepe kando ya tundu la maji ulikuwa na kunyanzi moja, urefu wa nusu kidole, na dawa ilipita juu yake ikaacha handaki chini. Maji yalikuwa yanasafiri humo. Alikata, akabandika upya, akapaka mara mbili. Jaribio la pili, bafu na beseni vilishuka sawa. Tungeweka vigae Jumamosi ile ile bila kujaribu, kunyanzi hiyo ingejulikana baada ya mwaka, kwenye dari ya chumba cha chini.

Wiki ya 8. Grauti na nafasi

Watu walikuwa na haraka, naelewa, grauti ndiyo inayoifanya kazi ionekane imekwisha. Subiri saa 24 baada ya kuweka. Safisha mifereji, angalau theluthi mbili za kina chake ziwe tupu, maana gundi iliyopanda kwenye nafasi huchungulia kama doa. Nafasi chini ya milimita 3, grauti isiyo na mchanga. Zaidi ya hapo, yenye mchanga, la sivyo itapasuka. Isukume kwa mshazari ili ubao wa mpira usiichote uliyokwisha kujaza, na sponji ikamuliwe mpaka isidondoshe tone. Madoa ya grauti yenye rangi tofauti tofauti karibu yote hutokana na sponji yenye maji mengi.

Nimeacha muda mrefu kwa nafasi isiyojazwa grauti. Kati ya vigae na ukuta acha milimita 6 pande zote, skatini, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaifunika. Sakafu ikiwa ndefu, weka mwanya wa silikoni au wa mpira kila mita 6 hadi 7.5 ndani ya nyumba, na kila mita 2.5 hadi 3.5 nje au panapopigwa jua. Zege husinyaa linapokauka, vigae hutanuka joto linapopanda, na vikikosa pa kwenda vinapanda juu. Nimewasimulia ukumbi mmoja niliowahi kuitwa: vigae viwili katikati vilikuwa vimeegemeana kama paa la hema, na familia ilifikiri ni tetemeko. Kingo zote zilikuwa zimebanwa ukutani kwa grauti. Kona zote za ukuta kwa ukuta na ukuta kwa sakafu ni silikoni. Hata kama grauti inaonekana nadhifu zaidi siku ya kwanza.

Wiki ya 9 hadi 11. Majumbani

Kila mtu na nyumba yake, mimi nikizunguka.

Kijana wa sakafu ya siku tisa amesubiri hadi zikafika 28, akafanya jaribio la plastiki, akakuta jasho, akasubiri tena. Sasa ameweka sebule. Yeye na mkewe wamegawana, mmoja anapaka, mwingine analaza na kuinua, na wanabadilishana kila mstari.

Mzee mstaafu ameamua kutoweka mwenyewe, magoti yamekataa. Amemwajiri fundi. Alikuwa na wasiwasi kwamba nitaona amepoteza wiki zake nane. Hata kidogo. Ameketi pale kwenye kiti na rula yake, na alipomwomba fundi ainue kigae cha tatu, fundi alishangaa, kisha akainua, na tangu hapo anainua bila kuombwa. Wamepatana vizuri.

Wapo mafundi wenzangu waliokasirika. Mmoja alinipigia akasema natutilia mchanga kitumbua chetu. Nilimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu najua kazi inavyokuja kwa shida. Lakini mimi naona mwenye nyumba asiyejua anachagua kwa jambo moja tu, nani anamaliza upesi, na hapo fundi makini anashindwa kila siku na yule wa mabonge matano. Mzee yule amelipa siku mbili zaidi za kusawazisha sakafu bila kubishana. Mteja wa namna hiyo nimemkosa miaka mingi.

Wiki ya 12. Sarafu

Nimepita nyumba zote na sarafu. Ya mwisho ilikuwa kwa mama, bafu lile lile lililoanzisha haya yote. Amebomoa ukuta wote, amepaka dawa, amejaza maji na beseni, ameweka mwenyewe vigae 212. Tuligonga pamoja, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia. Sauti kavu, fupi, mstari baada ya mstari, mpaka usawa wa dirisha. Hapo kimoja kikalia.

Tukatazamana. "Nakikumbuka," akasema. "Kilikuwa cha mwisho siku ya pili. Nilichoka, na gundi ilikuwa ile ya mwisho kwenye ndoo."

Akaniuliza kama kinaweza kubaki. Nikamwambia kingekuwa cha sebuleni ningemwachia aamue, lakini pale ni juu ya kichwa cha anayeoga. Akatoa grauti pande nne kwa kikwangua, akakipasua katikati kwa nyundo na patasi akiwa amevaa miwani, akaanza kukwangua gundi kuukuu taratibu asiguse dawa iliyo chini. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Sikumsaidia, na hakuomba.

Alichanganya gundi kidogo kwenye bakuli, akaisubiri dakika zake, akakoroga tena. Akasugua ukutani, akapitisha meno mlalo mmoja, akapaka na mgongo wa kigae. Akakibandika, akakisogeza kukatiza mistari, akakibonyeza kwa viganja viwili. Kilikaa sawa na wenzake pande zote. Mimi nilikuwa nimeanza kufunga mkoba.

Akaingiza ncha ya mwiko chini ya ukingo, akakichomoa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Kimejaa," akasema, akakirudisha.